Wageni wa Kiingereza wanawajua kweli wapishi wa kwenye TV, au ni sisi wa jikoni tu?

Mpika Mayai, Nungwi

Assalaam aleikum, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni mpishi katika hoteli moja ya Nungwi, kaskazini ya Unguja. Asubuhi nasimama kwenye meza ya mayai: jiko la gesi la mafiga mawili, vikaango vitatu, na vibakuli vya tungule, vitunguu, pilipili boga na jibini. Jioni napelekwa kwenye nyama za kuchoma au kwenye pweza, kutegemea siku. Huu mwaka wangu wa saba.

Wageni wetu wengi msimu huu ni Waingereza. Bosi wetu wa jikoni kaja na wazo kwamba kila Alkhamisi tufanye usiku wa wapishi mashuhuri. Menyu iwe na vyakula sita, kila kimoja kibebe jina la mpishi wa TV ya Uingereza, na picha zao zibandikwe kwenye ubao pale mlangoni. Kazi ya kuchagua majina kanipa mimi, kwa kuwa mie ndiye ninayezungumza na wageni zaidi. Mtu anayesubiri yai lake hana pa kwenda, lazima mtazungumza.

Hapo ndipo nilipokwama. Sisi jikoni tunawajua. Video za Gordon Ramsay tumetumiana tangu niko chuoni, na dada wetu wa keki anamjua Mary Berry, yule bibi wa keki wa kwenye TV, kama anavyomjua shangazi yake. Lakini mpishi kumjua mpishi si ajabu, hata seremala anamjua seremala mwenziwe. Mimi namuuliza mtu wa kawaida: dereva wa basi, mwalimu wa skuli, bibi mstaafu aliyeweka akiba miaka miwili aje kupumzika ufukweni. Huyo akiona picha ukutani, atasema "huyu fulani"? Au atapita moja kwa moja kwenda kutafuta meza?

Nimejaribu kupima kidogo. Juzi mzee mmoja wa miaka kama sabini alikuwa anasubiri kimanda. Nikamwonesha picha ya Ramsay kwenye simu. Akamjua papo hapo, tena akaanza kumwiga anavyogomba. Nikamwuliza kama amewahi kupika chakula chake chochote nyumbani. Akafikiri, akasema hapana. Mkewe alikuwa kasimama pembeni kimya, anatazama mkono wangu. Nilikuwa navuta mayai kwa uma kutoka ukingoni kuyaleta kati, na kuinamisha kikaango ili yaliyo mabichi yakimbilie pembeni. Akasema, "Delia angefurahi."

Mimi Delia simjui. Nikadhani ni binti yao.

Naomba msaada wa walioko huko au waliowahi kuishi. Nani anajulikana kweli, na nani tunamkuza sisi tu?

Kijana wa Kariakoo

Kaka, mbona jibu liko wazi. Mimi nauza vifaa vya simu Kariakoo, Ulaya sijafika na jikoni la hoteli sijaingia, lakini Gordon Ramsay namjua sura, sauti na hata jinsi anavyokunja mikono. Ile video ya mwaka 2015, aliyombana mwanamke kichwa kwa vipande viwili vya mkate, hapa mtaani kila mwenye simu kaiona. Kipindi chake cha Hell's Kitchen cha Marekani kimeanza 2005 na hadi leo kinaendelea. Na si kelele tu, mgahawa wake wa Chelsea, London, una nyota tatu za Michelin, yaani daraja ya juu kabisa ya mikahawa, tangu 2001. Kama mimi wa Msimbazi namjua, Mwingereza atashindwaje? Mpe ukurasa wa mbele wa menyu, wengine wafuate.

Mama wa Norwich, kwetu Tanga

Waalaikumu salaam mwanangu wa Nungwi. Nimefika hapo mama wa watu aliposema "Delia angefurahi" nikaiacha chai yangu ipoe. Jibu la swali lako unalo mkononi, ni lile neno lake.

Mie ni mtu wa Ngamiani, lakini nilifika Norwich, mashariki ya Uingereza, mwisho wa 2004 na sijahama. Kazi yangu ni kutunza wazee kwenye nyumba ya wazee. Kila Jumamosi baada ya chai ya saa tisa tunafanya chemsha bongo ya picha, maana madaktari wanasema picha za zamani zinawaamsha wale ambao kumbukumbu zimeanza kuwaponyoka. Tumeshafanya waimbaji, magari, wachezaji mpira. Majira ya baridi yaliyopita ikaja zamu ya wapishi wa TV. Tukachapisha picha kubwa bila majina, tukawa tunaziinua moja moja. Sebuleni walikuwapo wazee kumi na mmoja na sisi wafanyakazi watatu. Nakusimulia nilichokiona mwenyewe.

Ya kwanza ilikuwa ya Fanny Cradock. Huyu alipika kwenye TV tangu miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1970, anasimama jikoni kavaa gauni la sherehe, nyusi kajichora juu kuliko zilipo. Tunaye bibi wa miaka 91, zamani alifanya kazi kiwanda cha chokoleti hapa mjini. Akili yake siku hizi inakwenda na kurudi. Mchana ule alikuwa keshaniuliza mara nne bintiye anakuja lini, na binti alikuwa kaja na kuondoka saa nzima nyuma. Picha ilipoinuka, bibi akajinyoosha kwenye kiti, akasema, "Fanny. Na mumewe Johnnie, mwenye miwani ya jicho moja." Halafu akatueleza yale magauni, na jinsi Fanny alivyopenda kutia rangi kwenye vyakula. Alizungumza dakika tano mfululizo. Sijawahi kumsikia akizungumza dakika tano mfululizo tangu aletwe kwetu. Wenzangu wawili, mmoja ana miaka 22 na mwingine 30 na kidogo, walikuwa wanatazamana, Fanny hawajapata kumsikia kabisa.

Ya pili ikawa ya Delia. Sauti zikatoka pamoja, "Delia!" Hakuna hata mmoja aliyesema Smith. Na hilo ndilo ninalotaka ulishike, mwanangu. Nchi hii mtu akikutaja kwa jina la kwanza peke yake na kila mtu akaelewa, umeshaingia nyumbani kwake. Mwaka 2001 kamusi ya Collins iliingiza "Delia" kama neno la Kiingereza, lenye maana ya mapishi yake au mtindo wake.

Nitende haki hapa. Norwich si mahali pa kumpimia Delia kwa usawa. Yeye na mumewe walikuwa wenye hisa kubwa za timu ya mpira ya mji huu kwa miaka mingi. Mimi sijamaliza hata miezi minne hapa, tarehe 28 Februari 2005, timu ikicheza na Manchester City, wakati wa mapumziko akaingia uwanjani akashika kipaza sauti, akawauliza mashabiki wako wapi, mbona hawaisaidii timu. Timu ikafungwa 3-2 hata hivyo. Kesho yake kazini hakuna kilichozungumzwa ila hicho, na mie nikawa nauliza kama wewe, Delia ni nani? Kwa hiyo wazee wangu kumjua si ajabu. Lakini nimeuliza na watu wa Leeds, wa Cardiff, wa London, na jibu halikubadilika kwa yeyote aliyevuka miaka hamsini.

Sasa hiki kimanda chako. Mwaka 1998 Delia alitoa kipindi cha kufundisha kupika kuanzia mwanzo kabisa, yaani anaanza na yai: kulichemsha, kulikaanga, kulipiga kimanda. Baadhi ya wapishi wenziwe walimbeza, wakasema nani hajui kuchemsha yai. Lakini kikaango kidogo alichokisifia kilikuwa kinatengenezwa na karakana moja ya Lancashire iliyozoea kuuza vikaango kama 200 kwa mwaka. Baada ya kipindi wakauza 90,000 ndani ya miezi minne. Inawezekana yule mama aliyekusimamia anacho kimoja kabatini kwake hadi leo.

Binti wa mkaazi wetu mmoja alileta kitabu kikubwa cha Delia cha mamake, ili mama awe anakipekua. Nimekishika mwenyewe. Jalada limeshikiliwa na gundi ya karatasi, ukurasa wa keki ya Krismasi umekuwa mgumu kama kadi kwa siagi na sukari iliyomwagika miaka nenda rudi, na pembeni kuna maandishi ya penseli: "dakika 20 zaidi, oveni yetu". Mama yule hawezi tena kukushikia kikombe, lakini kidole chake kinaukuta ukurasa ule bila kutafuta.

Kijana wa Kariakoo, umesema kweli, Ramsay wote walimjua. Sura yake sebuleni ilijulikana kuliko zote, na wazee kwa vijana hawakutofautiana. Lakini nilipouliza "anapika nini?" kukawa kimya. Mzee mmoja akasema, "Anatukana." Mwenzangu wa miaka 22 ndiye aliyekumbuka ile nyama ya ng'ombe inayofungwa ndani ya unga na kuokwa, kwa sababu inapikwa sana kwenye Hell's Kitchen. Watu wanamjua kama wanavyomjua mwigizaji. Simdharau, kazi yake ya jikoni ni ya juu sana. Nasema tu kwamba mtu aliye kwenye meza yako ya mayai hana cha Ramsay alichokibeba nyumbani.

Jamie Oliver alileta mjadala. Mmoja wa wazee wetu alikuwa mpishi wa shule ya msingi, miaka 26. Mwaka 2005 Jamie alifanya kipindi juu ya chakula cha shule, akakusanya saini zaidi ya 270,000 akazipeleka kwa waziri mkuu, na serikali ikaahidi pauni milioni 280. Taifa zima lilijua. Huyu mama wetu akaishika picha kwa mikono miwili akasema, "Huyu alikuwa na haki, lakini sisi tuliokuwa jikoni hakuna aliyetuongezea saa za kazi." Akatukumbusha na wale wazazi wa Rotherham, mwaka 2006, waliokuwa wanawapitishia watoto chipsi kwenye uzio wa shule kwa sababu chakula kipya hawakitaki. Kwa hiyo Jamie anajulikana na karibu kila mtu, lakini usitarajie wote wampende.

Ainsley Harriott, mtoto wa wazazi wa Kijamaika aliyezaliwa London, ndiye aliyewachangamsha zaidi. Aliongoza kwa miaka kumi, 2000 hadi 2010, kile kipindi cha mchana ambacho wapishi wawili wanashindana na watazamaji wanapiga kura kwa kuinua kadi ya tungule jekundu au pilipili boga la kijani. Wazee wawili waliinua mikono hewani kana kwamba kadi wanazo. Na yule kijana wetu wa miaka 22 naye akamjua mara moja, ila kwa picha za kuchekesha zinazozunguka mtandaoni. Hakuwa na habari kwamba Ainsley ni mpishi.

Sababu ya yote haya mimi naiona hivi. Hadi mwaka 1982 nchi hii ilikuwa na stesheni tatu tu za TV. Ukiwasha jioni, unachokiona wewe jirani naye anakiona. Fanny na Delia wa miaka ya mwanzo waliingia kila nyumba kwa mlango huo, hata kwa wasiopenda kupika. Leo stesheni hazihesabiki na kila mtu ana simu yake. Mpishi anaweza kuwa na wafuasi milioni mbili, na mtu aliyekaa naye kiti kimoja kwenye treni asimtambue. Ndiyo maana Nadiya Hussain ni wa kutazamwa kwa makini. Fainali ya shindano la keki aliloshinda mwaka 2015 ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 13, na nchi ina watu kama milioni 65. Mwaka uliofuata yeye ndiye aliyeoka keki ya Malkia Elizabeth kutimiza miaka 90. Binti wa wazazi wa Bangladesh, kavaa mtandio wake, na kwenye sebule yetu alitambuliwa na mwenye miaka 22 na mwenye miaka 91. Mie nilifurahi kwa namna ambayo sikuweza kuificha.

Kuna na wale ambao jina limefifia lakini mkono wao upo. Madhur Jaffrey alipoanza kufundisha mapishi ya Kihindi kwenye BBC mwaka 1982, inasimuliwa kwamba kesho yake kotmiri mbichi iliisha madukani Manchester. Ken Hom naye, 1984, ndiye aliyewauzia Waingereza karai la Kichina. Sebuleni ni watu watatu tu waliozitambua picha zao. Lakini kaulize nyumba ngapi zina lile karai.

Kwa hiyo ukiniuliza nani atambuliwe mlangoni, ni Ramsay, Jamie, Mary Berry, Nadiya, Ainsley na Delia. Ukiniuliza nani atamfanya mgeni akae chini aanze kukusimulia habari za mamake, kwa waliovuka hamsini ni Delia, na hakuna wa pili.

Bint Mwembetanganyika

Nami niongeze la kwetu Mombasa. Kabla hatujawajua hao Waingereza, mpishi wa TV kwetu alikuwa Sanjeev Kapoor. Kipindi chake cha Khana Khazana cha Zee TV kilianza 1993 kikaenda zaidi ya miaka 15. Tulipofungiwa dishi, mamangu alikuwa anakaa chini na daftari ya mraba-mraba ya shule. Kihindi hakijui. Aliangalia mikono: binzari kijiko, dania mkono mmoja, vitunguu vimekuwa rangi gani. Jina lake pia alichelewa kulijua, kwetu aliitwa "yule wa tabasamu". Siku moja dukani Biashara Street nikaona picha yake kwenye pakiti, nikamwambia mama "tazama yule wa tabasamu", na mwenye duka pamoja na wateja wawili wote wakageuka, wakajua nasema nani.

Lakini babangu aliyekuwa anakaa chumba hicho hicho, TV hiyo hiyo, ukimwonesha picha hamjui. Alikuwa anasubiri taarifa ya habari. Kwa hiyo Mpika Mayai, hata kwenye nyumba moja kuna anayejua na asiyejua.

Mswahili wa Maskati

Kweli kabisa dada. Huku Oman ni vivyo hivyo. Taja Manal Alalem mbele ya mama yeyote, mwenye Kiarabu cha bara au sisi tuliolelewa kwa Kiswahili, utasikia "malkia wa jiko". Chef Osama wa Misri na Chef Ramzi wa Lebanon pia. Na tangu Fatafeat ianze Dubai mwaka 2006 tukawa na stesheni nzima ya kupika tu. Ramadhani alasiri, nyumba ya marehemu bibi yangu, kule mtaa wa Mutrah, ilikuwa kimya kwa ajili ya hao watu. Sauti ya TV, na kisu juu ya ubao. Wanaume wanarudi kazini wanakula sambusa zilizobadilika ujazo na hawajui nani kazibadilisha.

Jambo moja jingine, na nalisema kwa sababu nimefanya kazi ya matangazo ya hoteli. Majina ya hao Waingereza ni biashara. Ramsay na Jamie wana mikahawa na vyombo vinavyouzwa kwa majina yao. Kuweka jina na picha ya mtu aliye hai kwenye menyu ya kuuzia, bila ruhusa yake, ni kumtafutia bosi wako barua ya mwanasheria. Mwambie mapema.

Mpika Mayai, Nungwi

Shikamoo mama wa Norwich. Nimeisoma mara tatu, na mara ya pili nimewasomea wenzangu jikoni kwa sauti. Ahsanteni nyote. Kaka wa Kariakoo, na wewe hukukosea.

La majina nimemfikishia bosi, kalielewa. Bado anataka Alkhamisi iwe na kitu. Mama, nikuulize: nikiwauliza wageni tu kwa mdomo, bila picha wala jina, wataona nawachunguza?

Mama wa Norwich, kwetu Tanga

Marahaba mwanangu. Usiwaulize "unamjua nani". Hilo ni swali la mtihani, mtu mzima hapendi kukosa. Waulize nani aliyewafundisha hicho wanachokila. Mgeni anakula yai, muulize yai. Mimi kazini siku hizi siulizi "huyu ni nani?" ninapoinua picha. Nauliza, "Huyu ulipika chake kipi?" Hata asiyekumbuka jina hukumbuka kama ilikuwa keki au kuku.

Na yule mama aliyetaja Delia, kama hajaondoka, usimwache aondoke hivi hivi. Mpe kikaango.

Mpika Mayai, Nungwi

Narudi na habari, zimepita siku nne.

Hawakuwa wameondoka. Jana ndiyo ilikuwa asubuhi yao ya mwisho, gari la uwanja wa ndege linakuja saa nne. Walishuka mapema, saa moja na nusu, meza yangu haina foleni. Nikamwambia yule mama, kwa Kiingereza changu hiki, kwamba nimeshajua Delia ni nani, na kwamba naomba anioneshe. Akamtazama mumewe. Mumewe akamshikia mkoba.

Akaja upande wangu wa meza. Kwanza akakataa kikaango nilichompa, akaonesha kwa mikono kidogo zaidi, nikampa kile cha inchi saba tunachokaangia mayai ya watoto. Akavunja mayai mawili kwenye bakuli, akayachanganya kwa uma kidogo sana, mimi hupiga mpaka yatoe povu. Chumvi, pilipili manga. Kikaango akakiacha kishike moto sawasawa, ndipo akatia siagi, akasubiri mpaka ilipoacha kelele. Mayai yakaingia yote kwa mara moja. Akahesabu polepole, nilimsikia, mpaka tano. Kisha akavuta ukingo kuja kati, akainamisha, mabichi yakakimbilia mahali patupu, akavuta tena upande wa pili. Kati kulipobaki na unyevu kidogo akakikunja kwa mkunjo mmoja na kukigeuzia sahani. Haikufika dakika moja na nusu. Mimi hukaanga dakika tatu.

Akaniambia alijifunza kwenye TV mwaka 1998, mtoto wake wa pili akiwa mchanga, na kikaango anacho, kimekuwa cheusi chote, na hakuna anayeruhusiwa kukiosha kwa sabuni. Nikamwuliza, na Ramsay? Akasema anamwona sana, mumewe anampenda. Nikamwuliza Nadiya. Akatabasamu, akasema ile keki yake ya machungwa anampikia mjukuu.

Mumewe akakila chote kasimama, mkoba begani.

Bosi alikuwa anatazama kutoka mlango wa jikoni. Mchana akaniita, tukakubaliana: Alkhamisi menyu haitakuwa na jina la mtu yeyote wa TV. Meza yangu ya mayai itatolewa nje usiku, ufukweni, na mgeni anayetaka atapika mwenyewe chakula kimoja alichofundishwa, mimi nimsaidie kukata. Vikaango vya inchi saba nimeshaagiza vinne kutoka Darajani.

Leo asubuhi nimepika vimanda zaidi ya thelathini kwa mkono wa yule mama. Kutochapa sana mayai ndiko kunakonishinda bado, mkono umezoea.